Swali na Masikio Yake: Historia ya Kuthibitisha Hojaji ya Kushindwa Kuzuia Mkojo kwa Wanawake, kwa Kuitazama Machochwe, Mkoa wa Mara

Utangulizi

Mwaka 2004 jarida la Neurourology and Urodynamics lilichapisha hojaji fupi, yenye maswali manne tu, inayowahusu watu wanaoshindwa kuzuia mkojo. Hojaji hiyo, ambayo hujulikana kwa kifupisho chake ICIQ, iliandaliwa Bristol, Uingereza, na Kerry Avery, Jenny Donovan, Paul Abrams na wenzao, na chimbuko lake ni mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa maradhi hayo uliofanyika Monaco mwaka 1998. Swali la kwanza huuliza mkojo huvuja mara ngapi. La pili huuliza huvuja kiasi gani. La tatu humtaka mhojiwa aseme, kwa kipimo cha 0 hadi 10, tatizo hilo linaingilia maisha yake ya kila siku kwa kadiri gani. Alama za maswali haya matatu hujumlishwa, na jumla haiwezi kuzidi 21. Swali la nne halina alama. Huuliza mkojo huvuja wakati gani: kabla ya kufika chooni, wakati wa kukohoa au kupiga chafya, usingizini, wakati wa mazoezi ya mwili, baada ya kumaliza kukojoa na kuvaa nguo, bila sababu inayoonekana, au wakati wote.

Makala haya yanauliza jambo moja. Hojaji ya namna hii ikitafsiriwa kwa Kiswahili na uhalali wake ukathibitishwa kwa taratibu zinazokubalika, je, mwanamke wa Machochwe atakuwa ameulizwa kile kile alichoulizwa mwanamke wa Bristol? Machochwe ni kata ya wilaya ya Serengeti, kaskazini mwa mji wa Mugumu, si mbali na mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Wakuria wa huko wamepakana na Waikoma, Wanata na Wangoreme, na upande wa pili na ndugu zao wa Tarime. Kiswahili ni lugha ya shule, ya ofisi ya kata na ya zahanati. Lugha ambayo mwanamke mtu mzima humwambia dada yake habari za mwili wake ni nyingine.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba takwimu za uhakiki haziwezi peke yake kujibu swali hilo, na kwamba zinaweza hata kulificha. Sehemu kubwa ya jibu imo katika historia: namna Kiswahili cha afya kilivyofika vijijini, maneno kiliyoyabeba kuhusu mkojo, na nani aliyekuwa amekaa darasani kilipofika.

Taratibu za uhakiki na mipaka yake

Zana zinazotumika leo kuhakiki hojaji zilizotafsiriwa ni za katikati ya karne ya 20, na zote zilitoka mbali na zahanati. Lee Cronbach, mwanasaikolojia wa elimu wa Marekani, alichapisha mwaka 1951 kipimo cha alfa kinachoonyesha jinsi maswali ya hojaji moja yanavyokwenda pamoja. Jacob Cohen alitoa mwaka 1960 kipimo cha kapa, kinachopima makubaliano kati ya watathmini wawili, na ambacho siku hizi hutumika pia kulinganisha majibu ya mtu mmoja aliyeulizwa mara mbili. Richard Brislin alieleza mwaka 1970 utaratibu wa tafsiri-rejeshi: mfasiri wa kwanza hupeleka maandishi katika lugha ya pili, mfasiri wa pili, ambaye hajaona matini asilia, huyarejesha, kisha matini mbili hulinganishwa.

Tafsiri-rejeshi ina sifa yake, lakini inachopima ni maafikiano ya wafasiri wawili waliosoma, ambao kila mmoja anaijua lugha ya mwenzake. Chukua kitenzi cha Kiingereza cha swali la kwanza. Mfasiri ataandika “kuvuja”, na mwenzake atakirejesha salama salmini. Hakuna kosa litakaloonekana. Hata hivyo, katika Kiswahili cha kawaida kinachovuja ni paa, ndoo, dumu au mtumbwi, yaani chombo kilichotoboka. Mwanamke akiulizwa kama anavuja mkojo anaulizwa, kwa sikio lake, kama ametoboka. “Kutokwa na mkojo” kuna kasoro nyingine, kwa kuwa kitenzi hicho katika kliniki ya wanawake kimezoeleka kwa uchafu wa ukeni, na mhojiwa anaweza kujibu kuhusu huo. “Kujikojolea” kunaeleweka na kila mtu, na hapo ndipo ubaya wake ulipo: anayejikojolea ni mtoto au mlevi, na mtu mzima kuitwa kikojozi ni kutukanwa. “Kushindwa kuzuia mkojo” ndiyo kauli iliyo salama zaidi, nami nimeitumia katika kichwa cha makala haya, lakini ina dhana ya mashindano ambayo mwanamke anayeloa bila kuhisi chochote hajawahi kushiriki. Kauli hizi nne hazina mshindi. Kila moja huchagua wanawake wake.

Kiswahili kimekwisha kupitia uhakiki wa hojaji kubwa za afya, na mifano miwili inafaa kutajwa. Wa kwanza ni hojaji ya SF-36 ya ubora wa maisha, ambayo toleo lake la Kiswahili lilihakikiwa Dar es Salaam na matokeo yake kuchapishwa mwaka 1999 na Anita Wagner, Kaspar Wyss na wenzao. Matini asilia ya Kimarekani inapotaka mfano wa kazi ya wastani hutaja kusukuma mashine ya kufyonza vumbi na kucheza gofu. Ni dhahiri kwamba tafsiri ya neno kwa neno isingefaa, na watafiti hao walilazimika kutafuta ulinganifu wa shughuli badala ya ulinganifu wa maneno. Lakini waliohojiwa walikuwa watu wa jiji, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni, ya kitandani na ya matusi. Mfano wa pili ni orodha ya Hopkins ya dalili za sonona na wasiwasi, iliyohakikiwa na Sylvia Kaaya na wenzake miongoni mwa wajawazito wenye virusi vya UKIMWI, jijini humo humo, na kuchapishwa mwaka 2002. Kazi hii ina jambo ambalo wahakiki wengi huliruka: majibu ya orodha yalipimwa dhidi ya mahojiano ya kina ya kitabibu. Palikuwa na shahidi wa nje. Hojaji haikuachwa ijishuhudie yenyewe.

Maneno ya mkojo yalivyofika kijijini

Mwaka 1973 serikali ya Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio, wakiwa na vitabu vidogo na kiongozi wa kikundi, wakajifunza habari za malaria, safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu, kisha wakachimba vyoo. Kampeni ile ilikwenda sambamba na elimu ya watu wazima na, muda mfupi baadaye, na uhamishaji wa watu kwenye vijiji vya pamoja, ambao Mara haukuwaacha pembeni. Kwa mwanahistoria wa lugha, umuhimu wake ni mkubwa kuliko idadi ya vyoo. Kwa mara ya kwanza watu wa vijijini, nchi nzima, walisikia kwa sauti ya serikali habari za vinavyotoka mwilini, zikisemwa kwa Kiswahili, mbele ya majirani.

Sasa tutazame mkojo uliingia vipi katika mazungumzo hayo. Uliingia kupitia kichocho, yaani mkojo wenye damu, ugonjwa ambao picha yake ilikuwa mtoto aliyeoga bwawani. Kando yake kulikuwa na kisonono, ambacho zahanati zilikijua tangu enzi za mkoloni: mkojo unaouma, na nyuma yake swali la nani alilala na nani. Miongo miwili hii imekuja UTI, kifupisho cha Kiingereza ambacho leo hakihitaji tafsiri hata kwa muuza genge. Mtu akihisi homa na kiuno kinauma, ataambiwa apime mkojo. Katika ngazi zote tatu mkojo ni ushahidi wa vijidudu. Mgonjwa hupewa kikopo, hupimwa, hupewa dawa.

Katika orodha hiyo hapakuwa na mahali pa mkojo ambao hauna ugonjwa wowote ndani yake, ila unatoka bila ruhusa. Zahanati haikuwa na neno lake kwa sababu haikuwa na dawa yake. Mwanamke aliyezaa watoto saba, ambaye akiinua ndoo ya maji kichwani hulowa khanga, hakuwa na ugonjwa wa kuupeleka mahali popote.

Pengo hilo lilizibwa, lakini na jambo jingine. Mwaka 2003 Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu lilizindua kampeni ya kutokomeza fistula ya uzazi. Nchini Tanzania hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilipanua upasuaji, na kuanzia mwaka 2009 ikatuma nauli za wagonjwa kwa M-Pesa kupitia mabalozi waliowatafuta wanawake vijijini. Kwa kanda ya ziwa, Hospitali ya Bugando, Mwanza, ilikuwa mlango wa kupitia. Kazi hiyo ilirudisha maisha ya wanawake wengi, na hakuna sababu ya kuipunguzia heshima. Lakini ilikuwa na athari ya lugha ambayo haikukusudiwa. Redio na mabango yalizungumza juu ya mwanamke anayevuja mkojo mfululizo, anayenuka, aliyeachwa na mume, aliyejifungua mtoto mfu baada ya uchungu wa siku kadhaa. Neno la Kiswahili nasuri, ambalo limo katika kamusi, halikusikika sana. Fistula ndiyo iliyoenea. Tangu hapo sentensi “mwanamke anayetokwa na mkojo” ina sura, na sura hiyo ni ya msiba.

Tafiti za kitaifa nazo zilifuata mkondo huo. Utafiti wa idadi ya watu na afya wa Malawi wa mwaka 2004 ulikuwa miongoni mwa za mwanzo kuuliza kuhusu dalili za fistula, na wa Uganda wa mwaka 2006 ukafuata. Maswali ya aina hiyo yanapata shida ya pande mbili: mwanamke anayelowa akicheka anaweza kujibu ndiyo, na mwenye fistula anaweza kujibu hapana kwa aibu. Wataalamu wa takwimu wameishughulikia zaidi shida ya kwanza, kwa kuwa inavimbisha hesabu za fistula. Upande wa pili wa shilingi haukuwashughulisha sana: mwanamke anayelowa akicheka, ambaye anajua kwamba hana fistula, husema hapana, na kwa jibu hilo huhesabika mzima.

Azimio la Musoma na umri wa mhojiwa

Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, makao makuu ya mkoa huu huu wa Mara, na kuamua kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote ifikiwe ifikapo 1977. Msomaji anaweza kushangaa Azimio la Musoma linatafuta nini katika makala ya mkojo. Linatafuta tarehe za kuzaliwa.

Msichana aliyekuwa na miaka saba mwaka 1977 alizaliwa mwaka 1970. Dada yake aliyezaliwa mwaka 1958 alikuwa na miaka 19 elimu kwa wote ilipotakiwa iwe imekamilika, na kwa desturi ya Wakuria ya wakati ule alikuwa amekwisha kutahiriwa, kutolewa mahari ya ng’ombe na kuhamia kwa watu wengine. Wapo waliopita katika kisomo cha watu wazima wakajua kusoma. Kiswahili walichokipata kilikuwa cha kusoma barua na kusikiliza mkutano. Kushindwa kuzuia mkojo, kwa upande wake, huongezeka kwa umri na kwa uzazi wa njia ya kawaida. Kwa hiyo wanawake ambao hojaji inawahitaji zaidi ndio walio na Kiswahili kidogo zaidi, na mambo hayo mawili hayakukutana kwa bahati. Yamefungwa pamoja na mwaka mmoja wa historia ya nchi.

Kuna kizuizi cha pili ambacho mtaala wa watafiti hauna somo lake. Jamii ya Wakuria imepangwa kwa vizazi, na heshima kati ya vizazi vilivyopakana, wazazi na watoto, hukataza kutajiana mambo ya sehemu za siri. Utani huruhusiwa kati ya bibi na mjukuu. Mdodosaji wa kawaida ni muuguzi au mwanafunzi wa miaka 25. Mbele ya mwanamke wa miaka 48 ameketi kama binti. Mbele ya mwanamke wa miaka 70 anaweza kuketi kama mjukuu, na hapo ulimi hulegea. Kama jambo hili lina nguvu ninayoidhania, basi hojaji ile ile, mkononi mwa mdodosaji yule yule, hupima vitu viwili tofauti katika nyumba mbili za boma moja.

Maswali manne mbele ya mama mmoja

Tumweke mbele yetu mama wa kubuni, mwenye miaka 60, na tumsomee hojaji. Huyu si mhojiwa wa utafiti wowote. Ni kipimo cha mawazo tu.

Swali la mara ngapi linataka wastani wa wiki nne zilizopita. Mama anazijua wiki nne kwa minada, lakini wastani ni hesabu ya darasani. Atajibu kwa siku aliyolowa vibaya zaidi, au kwa jana.

Swali la kiasi lina majibu manne: hakuna, kidogo, cha wastani, kikubwa. Bristol mwanamke hukadiria kwa pedi. Hapa kipimo ni nguo: ilibaki kwenye nguo ya ndani, ikapita hadi kwenye khanga, au ikaacha alama kwenye kigoda baada ya kuinuka. Tafsiri inayotumia nguo itakuwa mbali na maneno ya matini asilia na karibu zaidi na maana yake, na mfasiri-rejeshi ataihesabu kuwa kosa.

Swali la 0 hadi 10 ndilo la hatari zaidi, kwa sababu linaonekana halina lugha. Katika shule ya msingi ya Tanzania kumi kwa kumi ni sifa; daftari lenye 10/10 hupelekwa nyumbani kuonyeshwa. Aliyesoma kidogo anaweza kutoa namba kubwa kwa hali nzuri. Ambaye hakusoma hutoa namba ya adabu, iliyo katikati. Mawe kumi yakipangwa chini, au vidole vikikunjwa kimoja kimoja, hali hubadilika.

Swali la nne linataja mazoezi ya mwili. Tafsiri ya “mazoezi” humpeleka mama kwenye mpira wa shule au gwaride. Anachofanya yeye ni kulima, kusaga, kubeba kuni na kupandisha ndoo kichwani, na huko ndiko mkojo unakomtoka. Asipotajiwa ndoo atajibu hapana, na hapana hiyo itakuwa kweli tupu. Kuhusu kuwahi chooni, lazima pia tujue choo kiko wapi. Mwanamke aliye shambani, asiyeweza kuchuchumaa popote kwa sababu wakwe wako karibu, atazuia kwa saa nyingi. Akilowa njiani, kosa ni la kibofu au la umbali?

Sasa turudi kwenye alfa. Tuseme wanawake 100 wamehojiwa, na kwamba wengi wao, kwa historia iliyoelezwa hapo juu, wamesikia maswali yote matatu kama swali moja: je, una fistula? Wasio nayo watajibu sifuri, sifuri, sifuri, wakiwemo wale wanaolowa wakikohoa. Wachache walio nayo watatoa namba za juu katika yote matatu. Maswali yatakwenda pamoja kwa mshikamano wa ajabu na alfa itapanda karibu na 1. Wakiulizwa tena baada ya wiki mbili watajibu vile vile, na kapa nayo itapendeza. Ripoti itasema kwamba toleo la Kiswahili lina uhalali na uthabiti wa hali ya juu. Kutoelewa kulikoenea sawasawa kuna uthabiti kuliko kuelewa kunakotofautiana mtu na mtu. Hatari huwa kubwa zaidi sampuli ikichukuliwa katika wodi, ambako wagonjwa wa fistula wapo tayari, wamekwisha kuzoea maswali, na wamekaa na Kiswahili cha hospitali kwa wiki kadhaa.

Funzo la Kilimanjaro

Kazi iliyo karibu zaidi na suala letu nchini ni ya Gileard Masenga na wenzake, waliokwenda kwa wanawake wa vijijini mkoani Kilimanjaro badala ya kuwangoja hospitalini. Matokeo yao kuhusu mkojo, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalihusu wanawake 1,048, na takribani asilimia 42 walikuwa na kiwango fulani cha kushindwa kuzuia mkojo. Takwimu hiyo peke yake inatosha kuivunja dhana kwamba jambo hili ni la wachache waliopatwa na msiba wa uzazi. Aidha, katika utafiti wao wa mwaka 2018 kuhusu kushuka kwa kizazi, wanawake walichunguzwa kimwili; shahidi wa nje alikuwepo.

Je, maswali yaliyofanya kazi Kilimanjaro yahamishiwe Machochwe? Ningesita. Shule za misheni zilikuwa zimetia mizizi katika vijiji vya Uchagani miongo mingi kabla ya Azimio la Musoma, na wanawake wazee wa huko wamekuwa na Kiswahili cha kanisani na cha kliniki kwa muda mrefu kuliko wenzao wa Serengeti. Utafiti ukirudiwa Mara kwa maneno yale yale na kutoa asilimia 12, kutakuwa na njia mbili za kuieleza tofauti hiyo, na alfa haitasaidia kuchagua. Kitakachosaidia ni uchunguzi wa kitabibu kwa sehemu ya waliojibu hapana, hata kama ni kuwaomba wakohoe kibofu kikiwa kimejaa. Bajeti za uhakiki huwachunguza waliojibu ndiyo, kwa kuwa ndio wanaohitaji matibabu. Kosa analolitafuta mhakiki limekaa kwa wale wengine.

Fomu kama nyaraka

Limebaki jambo moja linalomhusu mwanahistoria kuliko daktari. Matokeo ya tafiti hizi huchapishwa kwa Kiingereza, na maswali yanayochapishwa mara nyingi ni ya Kiingereza. Maneno ya Kiswahili yaliyotamkwa hubaki kwenye fomu, na fomu huteketezwa baada ya muda uliowekwa na kamati za maadili. Yale yaliyotamkwa kwa Kikuria au Kingoreme, pale mdodosaji alipoona macho ya mama hayajaelewa akaamua kumtafsiria papo hapo, hayakuandikwa kabisa. Kila mdodosaji aliyefanya kazi Mara anajua kwamba hilo hutokea. Kwa uungwana wa kazi hasemi, kwa kuwa mwongozo ulimtaka asome kama ilivyoandikwa.

Kwa hiyo pendekezo la makala haya ni dogo. Fomu iwe na nafasi, baada ya kila swali, ya kuandika lugha iliyotumika na maneno halisi yaliyomfikia mhojiwa, na mdodosaji asiadhibiwe kwa kuijaza. Nafasi hiyo ingegharimu mstari mmoja wa karatasi. Kwa fomu ya maswali manne ni mistari minne, na bado ukurasa ungebaki na nafasi ya umri wa mama, idadi ya uzazi wake, na mwaka aliokwenda shule, kama alikwenda.